Umbali wa Mahale si kisingizio cha mvinyo mbovu

Mgeni anayekwenda kulala kwenye kambi za kitalii za Mahale, hifadhi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, hulipa karibu kila kitu kabla hajaondoka kwao: hema, chakula, boti, ada ya hifadhi, mwongozaji wa kumpeleka kwa sokwe, na vinywaji. Akishafika ufukweni haoni bei ya kitu chochote. Jioni huketi akitazama jua likizama upande wa Kongo, akaomba glasi ya mvinyo, na mara nyingi anacholetewa ni mvinyo wa boksi uliopoteza harufu yake tangu akiwa hajakata tiketi ya ndege. Akiuliza, hujibiwa kwa upole kwamba huku ni mbali. Nimekagua stoo za vinywaji za hoteli kwa miaka mingi, na jibu hilo nalikataa. Nitaeleza kwa nini umbali wa Kigoma na mwambao wa Tanganyika ni sababu ya kuleta kinywaji kizuri, na kwa nini kibovu bado kinafika.

Historia ya Ujiji, mji ulio jirani na Kigoma, yenyewe ina ushahidi. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Ujiji Novemba mwaka huohuo. Alipomkuta David Livingstone, mpelelezi aliyekuwa akimtafuta, alimwagiza mtumishi wake alete chupa ya shampeni, ile ya Sillery, pamoja na vikombe vya fedha. Chupa hiyo ilikuwa imebebwa na wapagazi kwa zaidi ya miezi saba, ikivuka mito, ikipita Unyamwezi wakati wa vita, na ikafika nzima. Kila ratili aliyoibeba mpagazi ililipiwa kwa vitambaa na shanga, iwe ya kitu cha thamani au cha ovyo. Mtu aliyekuwa akilipa gharama ya namna hiyo hakuwa na sababu ya kubebesha watu mvinyo wa bei poa.

Hesabu hiyo ina wenyewe katika elimu ya uchumi. Wamarekani Armen Alchian na William Allen waliieleza katika kitabu chao cha kufundishia cha 1964: ukiongeza gharama ileile ya usafiri juu ya bidhaa nzuri na bidhaa duni, ile nzuri inakuwa nafuu zaidi ikilinganishwa na duni. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme chupa duni ya mvinyo inauzwa shilingi 15,000 Dar es Salaam na nzuri 30,000. Dar es Salaam, nzuri ni ghali mara mbili. Sasa ipakie kwenye behewa au lori hadi Kigoma, iteremshe, ipakie kwenye boti iende kusini zaidi ya kilomita 100 hadi Mahale, ambako hakuna barabara ya kuingia hifadhini. Tuseme safari nzima inagharimu 15,000 kwa chupa. Chupa duni sasa imesimama kwenye 30,000 na nzuri kwenye 45,000. Tofauti imeshuka kutoka mara mbili hadi mara moja na nusu. Boti haijali kilichomo ndani ya chupa, na dizeli inayoungua ni ileile. Kadiri unavyosonga mbali na bandari, ndivyo ubora unavyozidi kuwa nafuu. Kambi ya Mahale, kwa hesabu hii, ina sababu kubwa zaidi ya kununua mvinyo mzuri kuliko hoteli iliyoko Masaki, Dar es Salaam.

Kwa nini basi haifanyi hivyo? Jibu liko ofisini. Kambi nyingi za mwambao huu hununuliwa vitu na ofisa manunuzi aliyeko Arusha au Dar es Salaam. Anapimwa kwa kipimo kimoja: kinywaji kimegharimu kiasi gani kwa mgeni mmoja kwa usiku mmoja. Gharama ya kusafirisha haimo katika kipimo chake. Imo katika bajeti ya usafirishaji, inayosimamiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo machoni pake chupa nzuri ni ghali mara mbili, na akichukua duni anaonekana ameokoa nusu. Hajaiona ile 15,000 ya boti, ambayo kampuni imeilipa ili kufikisha maji ya zabibu yaliyochoka. Nimeona mpangilio huu katika kampuni zaidi ya moja, na kila mara watu wake walikuwa waaminifu na wachapakazi. Kilichoharibika ni karatasi ya hesabu.

Ongeza hapo kwamba mkataba hautaji chapa. Wakala wa utalii huandika kwamba bei inajumuisha bia za nchini, mvinyo wa nyumba na vinywaji vikali vya kawaida, na kwamba vya hadhi ya juu vitalipiwa kando. Mvinyo wa nyumba ni upi? Vinywaji vikali vya kawaida ni vipi? Hakuna ajuaye mpaka afike, na akishafika hana pa kwenda, kwa maana duka la karibu ni la kijijini, saa kadhaa kwa mtumbwi. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha kwamba soko ambalo muuzaji anajua ubora na mnunuzi haujui huwa linawasukuma nje wauzaji wazuri, kwa sababu mnunuzi anakataa kulipia ubora asioweza kuuona. Kambi inayoleta mvinyo mzuri na ile inayoleta mbovu huandika maneno yaleyale kwenye brosha. Ile nzuri haipati chochote kwa uzuri wake.

Mtindo huu wa kulipia kila kitu mapema haukuanza hivi. Club Méditerranée, kampuni iliyoanzishwa na Mbelgiji Gérard Blitz mwaka 1950 kwa kambi ya mahema kisiwani Majorca, ilikuwa ikijumuisha chakula na mvinyo wa mezani katika bei, lakini vinywaji vya baa vililipiwa kwa shanga ambazo mgeni alizinunua na kuzivaa. Karne moja kabla, shanga zilikuwa fedha ya soko la Ujiji. Shanga, hata ikiwa ya plastiki, ni bei, na mtu anayelipa bei kwa kila glasi hulalamika palepale glasi inapokuwa mbovu. Shanga zilipoondoka na baa nayo ikaingizwa katika malipo ya jumla, malalamiko ya papo hapo yaliondoka pia. Sasa mgeni hulalamika akiwa amerudi kwao, kwa wakala wake, wakati mhudumu aliyemimina hana tena habari naye.

Kuna hatari nyingine ya malipo ya awali ambayo Zanzibar iliionja Januari 2024. Vibali vya waagizaji wa vileo havikuhuishwa, akiba ikapungua, bei ya bia ikakaribia kupanda maradufu, na waziri wa utalii wa Zanzibar wa wakati huo, Simai Mohammed Said, aliyekuwa ameulalamikia uhaba huo, akajiuzulu mwezi huohuo. Mwenye baa ya kawaida alipandisha bei na wateja wakaamua wenyewe. Lakini hoteli iliyouza chumba mwezi Agosti, kinywaji kikiwa ndani ya bei, haiwezi kumdai mgeni zaidi Januari. Ina njia tatu tu: kula hasara, kupunguza kipimo, au kubadili chapa kimyakimya. Mkataba usiotaja chapa unaifanya njia ya tatu kuwa rahisi mno. Mwambao wa Tanganyika, wenye njia moja ya reli na boti chache, unapata mitikisiko midogo ya namna hiyo kila mwaka.

Joto la stoo

Ubora wa kinywaji unaponunuliwa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni stoo, na hapa ndipo naomba wenye kambi wanisikilize kwa makini zaidi.

Bia ni kitu kinachooza polepole. Kila joto la stoo linapopanda nyuzi 10, kasi ya bia kuzeeka huongezeka mara mbili hadi tatu. Bia iliyokaa kwenye nyuzi 30 chini ya paa la bati inazeeka kwa wiki chache kiasi ambacho ingezeeka kwa miezi ndani ya chumba baridi. Huwa haimdhuru mnywaji, ila ladha yake inaelekea kwenye karatasi iliyolowa, na ule uchungu safi unapotea. Chupa ya kahawia huizuia sehemu kubwa ya mwanga. Ya kijani na ile nyeupe haziuzuii vya kutosha, na kreti iliyokaa juu ya sitaha ya boti kwa siku nzima ya jua la ziwani hufika na harufu ya kicheche. Mvinyo wa boksi una udhaifu wake: mfuko wa plastiki ulio ndani huruhusu hewa kupenya kidogo kidogo, na joto huharakisha jambo hilo. Mvinyo huo ulibuniwa kunyweka mapema, si kukaa msimu mzima nyuma ya jiko la kambi.

Na msimu ndio unaoumiza. Kambi nyingi za pwani hii hufungwa wakati wa masika. Wageni huondoka, wafanyakazi hupungua, mashine huzimwa kuokoa umeme wa sola na dizeli, na stoo hubaki na kilichobaki. Kambi inapofunguliwa tena, wageni wa kwanza hunywa mabaki hayo, kwa sababu mtunza stoo amefundishwa, na amefundishwa vizuri, kwamba kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mchele. Kwa bia na mvinyo wa boksi uliolala kwenye joto, inamaanisha mgeni wa Juni analipa bei ya msimu mpya kwa kinywaji cha msimu uliopita. Mabaki hayo yarudishwe Kigoma kwa boti ya mwisho yakauzwe kwa bei ya chini kabla kambi haijafungwa. Hasara yake ni ndogo kuliko jina baya.

Yanayosemwa kimakosa

Wageni wengi huamini kwamba pombe iliyojumuishwa katika bei ni lazima imetiwa maji. Huwa sivyo. Bia ya chupa iliyofungwa haitiwi maji. Vinywaji vikali navyo vina njia rahisi na ya halali ya kubana matumizi: kipimo. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30. Mhudumu akimimina mililita 20, chupa hiyohiyo inatoa toti 37, na glasi ikijazwa barafu na soda hakuna atakayejua. Kwa hiyo swali la kuuliza kaunta ni kipimo chenu ni mililita ngapi, na hilo jibu linapaswa kuandikwa ukutani.

Wengine huchukulia maumivu ya kichwa ya asubuhi kuwa ushahidi wa pombe bandia. Mtu aliyepanda milima ya Mahale mchana kutwa akifuata sokwe, akatokwa jasho, kisha akanywa kokteli nne zenye sukari pasipo maji, ataamka na kichwa kizito hata kama kila tone lilikuwa halali. Pombe yenye methanoli ina dalili za namna nyingine. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili mara nyingi hukawia, saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi. Anayeziona dalili hizo asisubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali, na kutoka Mahale hadi Maweni, Kigoma mjini, ni safari ndefu ya boti, kwa hiyo kila saa ina maana.

Hofu hiyo haikuanzia hewani. Nairobi, Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Vang Vieng, nchini Laos, Novemba 2024, watalii 6 walikufa baada ya kunywa pombe inayoaminika kuwa na sumu hiyo, katika mji ambako toti za bure kwa wageni ni jambo la kawaida. Lakini mwaka 2019, vifo vya watalii wa Kimarekani katika hoteli za malipo ya jumla za Jamhuri ya Dominika vilipozua taharuki duniani, vipimo vya FBI kwa vile vilivyochunguzwa vilielekea kwenye sababu za kawaida za maradhi, na methanoli haikuonekana. Ninayataja matukio yote matatu makusudi. Hatari ipo mahali ambapo chupa haina asili inayojulikana. Pale ambapo asili inajulikana, hofu ya methanoli inatusahaulisha hatari iliyo karibu zaidi nasi.

Hatari hiyo ni barafu. Kuna imani iliyoenea, hata kwa watu waliosoma, kwamba pombe iliyomo kwenye glasi huua vijidudu vya barafu. Haiui kwa uhakika. Wiski iliyochanganywa na soda na barafu inayoyeyuka ni hafifu mno kwa kazi hiyo, na vimelea vya kipindupindu huweza kustahimili kugandishwa. Mwambao huu unakijua kipindupindu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kwenye kijiji cha Kagunga, ugonjwa huo uliwaua watu kando ya maji haya haya tunayoyasifia kwa usafi wake. Ziwa linaonekana angavu hadi chini, na uangavu huo humfanya mfanyakazi mpya achote ndoo na kujaza vibao vya barafu bila kuchemsha. Mgeni anaharisha siku tatu, analaumu jini aliyokunywa. Jini haikuwa na kosa.

Suala la barafu ndilo linalonifanya niseme kwamba mjadala huu ni wa wote, pamoja na wale wasiogusa kileo. Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara, na vijana wengi wanaohudumu kambini hawanywi. Wanamimina wasichokionja, kwa kufuata maelekezo ya mtu aliye mbali, na mgeni akikasirika wao ndio wanaosimama mbele yake. Barafu ya kaunta hiyohiyo huingia kwenye juisi ya ubuyu ya mtoto. Kijana huyo anastahili kufundishwa kazi yake sawasawa: kutambua mvinyo ulioharibika kwa rangi na harufu bila kulazimika kuuweka mdomoni, kupima kwa kikombe cha kipimo, kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuwa na mamlaka ya kumwaga kilichoharibika bila kukatwa mshahara. Hilo la mwisho ndilo adimu kuliko yote. Nimekutana na watunza stoo wanaojua wazi kwamba boksi fulani limeharibika, nao hulipeleka kaunta kwa sababu kulimwaga kunahesabiwa kuwa upotevu wao.

Sasa dawa. Ya kwanza ni kufupisha orodha. Kambi ya mahema kumi haihitaji aina sita za wiski wala mvinyo wa mabara matatu. Iwe na bia mbili, aina mbili za mvinyo, jini moja, wiski moja, Konyagi, na vinywaji visivyo na kileo vilivyotengenezwa kwa bidii ileile. Orodha fupi huzunguka haraka, na kinachozunguka haraka hakizeeki.

Kisha kununua karibu. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inapita katikati ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wa Dodoma una sifa ya utamu uliozidi, na kwa baadhi ya chupa sifa hiyo ni ya haki. Lakini mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, ukiwa mchanga na baridi, unakaa vizuri na samaki aina ya kuhe wa kuchoma kuliko mwekundu mzito wa boksi uliosafiri kutoka Afrika Kusini. Konyagi kwa Stoney Tangawizi na ndimu ni kinywaji ambacho mgeni hatakipata kwao, na mhudumu anakijua. Kaskazini mwa ziwa hili kuna kiwanda cha bia cha Brarudi, Bujumbura, kilicho karibu na Kigoma kuliko viwanda vya Mwanza na Mbeya; bia yake ikiingizwa kihalali kwa ushuru wake ni jambo la kufikiriwa, ingawa upatikanaji wake wa miaka ya karibuni hautabiriki. Tembo la mchikichi, ambalo wageni huliulizia, lisiwekwe kwenye orodha: huanza kuchacha linapogemwa na jioni limeshakuwa kitu kingine. Anayetaka alinywe kijijini, siku hiyohiyo, kwa aliyeligema.

La tatu linahusu chupa yenyewe. Ifunguliwe mbele ya mgeni wa kwanza wa siku. Stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo imekuwa ikibandikwa kwenye vileo tangu 2019, ikaguliwe kwa simu wakati mzigo unapokelewa Kigoma, siyo Mahale ambako hakuna pa kuurudisha. Chupa tupu ya wiski yenye jina kubwa ina mnunuzi, na mnunuzi huyo haitaki kwa ajili ya maua. Ivunjwe kambini, vipande vitolewe hifadhini pamoja na taka nyingine. TBS, shirika la viwango la Tanzania lililopokea usimamizi wa usalama wa chakula kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, inapokagua hoteli za mkoa isiishie Kigoma mjini. Ipande boti.

La muhimu kuliko hayo yote ni kuandika majina. Badala ya maneno mvinyo wa nyumba, mkataba utaje chapa, nchi, na kipimo cha toti kwa mililita, na useme kwamba chapa ikikosekana mgeni ataambiwa kabla hajamiminiwa. Gharama ya usafirishaji nayo iingizwe kwenye karatasi ya ofisa manunuzi, chupa kwa chupa, ili aione tofauti halisi kama inavyoonekana ufukweni.

Mikataba ya msimu unaofuata huandikwa wakati kambi zimefungwa. Wenye kambi wa mwambao huu, fanyeni hivyo masika hii. Nawe msomaji, ukiwa unampangia ndugu au mgeni wako safari ya Mahale, mwandikie wakala kabla ya kulipa na umwombe majina ya chupa zilizomo ndani ya bei. Asipoweza kuyataja, ulizia kambi nyingine.